Hataza imekubaliwa, harusi iko mlangoni, na pesa ni moja

Shikamoo mama,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Houston, Texas, huu mwaka wa kumi na moja. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao. Nimekuwa nikikusoma kimya kimya, lakini leo nina karatasi moja mezani na kila ninayemwonyesha ananipa ushauri wake.

Mwaka 2021 mama yangu alikuja kukaa nami miezi mitatu. Goti lilikuwa limeshamwishia. Siku ya kwanza alipotaka kupika wali wa nazi, nilimkuta amesimama mbele ya mbuzi, kizio cha nazi mkononi, hawezi kukaa na hataki kuomba msaada. Nikakuna mimi. Usiku ule nilianza kuchora.

Kilichotoka ni mbuzi ya kubana ukingoni mwa meza. Ulimi wa chuma ni ule ule wa kwetu wenye meno, ila kizio kinashikwa na vidole vitatu, na nyuma yake kuna springi inayokisukuma mbele kadiri nyama inavyokwisha. Mama anakaa kwenye kiti cha kawaida, anazungusha mpini tu. Nazi nzima ni dakika chache, na haichubui kifuu, kwa hiyo tui linatoka jeupe.

Machi 2022 nikapeleka ombi la hataza (patent), yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasimwige, hapa Marekani, bila wakili, mtoto wa dada yangu akinisaidia kwenye kompyuta. Kwa kuwa kipato changu ni kidogo, niliruhusiwa kulipa ada za daraja la chini kabisa. Mkaguzi alinikatalia mara mbili, akisema mashine za kukunia nazi zipo tangu zamani. Nikapunguza madai yangu yakabaki kwenye vile vidole na ile springi. Mara ya pili nilichelewa kujibu kwa mwezi mzima, nikalipia nyongeza ya muda, wakapokea.

Sasa wamekubali. Barua ina tarehe 6 Juni 2025, ila mimi niliipata tarehe 17 kwa sababu nilikuwa nimehama nyumba. Inasema nilipe ada ya kutolewa hataza ndani ya miezi mitatu. Kwa hesabu yangu mwisho ni tarehe 17 Septemba, na mshahara wangu unaingia tarehe 12. Kuna na ukurasa unaosema mchoro wa tatu urekebishwe, huo sijaugusa.

Shida ni hii. Tarehe 13 Septemba mtoto wa kaka yangu anaolewa Tanga. Niliahidi dola 800, na kamati inataka michango yote iwe imefika mwisho wa Agosti. Nina dola 900 tu. Kaka ananiambia: "Wewe ni shangazi mtu, huwezi kushindwa. Hataza si wameshakubali? Hawawezi kukunyang'anya. Lipa ukipata." Tena anasema hata nikilipa, fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, akiiona atatengeneza yake kesho yake.

Mtoto wa dada naye anasema ada yangu ni dola 258, niweke tiki penye daraja la chini, pale pale nilipokuwa naweka siku zote, nilipe, nimalize. Lakini mwezi Aprili nilitia saini karatasi na kampuni ya vyombo vya jikoni yenye maduka katika majimbo mengi. Nimeandika kwamba hataza ikitoka nitawapa leseni ya kutengeneza na kuuza. Sijui kama hilo linabadilisha kitu. Yeye anasema hakuna atakayejua.

Na juzi imekuja barua nyingine, ina nembo ya tai, inataka dola 2,400 za "usajili wa hataza" ndani ya siku kumi. Mume wangu ameiona, amekasirika, anasema hawa watu hawashibi, bora tuache kabisa.

Nifanye nini, mama?

Mkuna Nazi, Houston

*

Marahaba mwanangu.

Kabla sijaanza kukujibu, chukua kalenda uifute ile 17 Septemba. Miezi mitatu haihesabiwi tangu barua ilipokufikia wewe, inahesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa juu ya barua yenyewe. Yako ni 6 Juni, kwa hiyo mwisho wako ni 6 Septemba. Mwaka huu hiyo ni Jumamosi, na sheria inaruhusu siku ya mwisho ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ya serikali, ulipe siku ya kazi inayofuata, yaani Jumatatu tarehe 8. Lakini usiiegemee Jumatatu hiyo. Andika Ijumaa tarehe 5, na ukiweza lipa wiki nzima kabla yake. Mshahara wa tarehe 12 hautakuokoa.

Nakuambia hivi kwa sababu nilifanya kazi miaka kumi na tisa katika ofisi ya mawakili wa hataza, na kazi yangu ilikuwa tarehe. Barua ikiingia, mimi ndiye niliyeifungua, nikaipigia muhuri, nikaandika kwenye kalenda siku ya kujibu na siku za kukumbusha. Najua watu wanapojikwaa. Hujikwaa hapa ulipo wewe, mwishoni kabisa, baada ya kazi ngumu yote.

Wewe na kaka yako mmekosea jambo moja, nanyi si wa kwanza. Kukubaliwa si kupewa. Kaka yako ataelewa ukimwambia hivi: posa imepokelewa, mahari haijatolewa, na hakuna ndoa iliyofungwa. Leo hii huna hataza. Una ombi ambalo mkaguzi ameridhika nalo. Kifungu cha 151 cha sheria ya hataza ya Marekani kinasema ada isipolipwa katika muda uliotajwa, ombi linahesabiwa kuwa limetelekezwa. Hakuna wa kukunyang'anya, maana bado hujapewa.

Kosa la pili limetokana na jambo lililokwenda vizuri. Ulipochelewa kumjibu mkaguzi ulilipia nyongeza ya muda, ukafikiri hata hii inanunulika. Haiongezwi hata siku moja, hata ukiwa na pesa ya kulipia. Barua yenyewe inalisema hilo, ila watu hawasomi maandishi ya chini wakishaona neno la kukubaliwa juu. Mchoro wa tatu nao uko ndani ya muda huo huo, nao hauongezewi. Kaa na huyo kijana leo usiku mrekebishe mchoro, kwa sababu unaweza kulipa ada yote na bado ukakwama kwa ajili ya mstari mmoja usioonekana vizuri.

Sasa nisikilize kwa makini hapa. Najua mtu atakuja kukwambia, "Ukikosa tarehe, kuna maombi ya kufufua." Ni kweli yapo. Unaandika maombi, unalipa ada yake ambayo peke yake inazidi ile uliyokuwa unadaiwa, na ile uliyodaiwa unailipa vile vile. Juu ya hayo unatia saini kwamba ucheleweshaji wote, tangu siku ya mwisho hadi siku unapoomba, haukuwa wa kukusudia.

Nakumbuka watu wawili. Wa kwanza kadi yake ya benki ilikataa saa za usiku, hakuuona ujumbe, tarehe ikapita. Alipogundua aliomba mara moja, akafufuliwa, kwa sababu kweli ilikuwa ajali. Wa pili alikuwa bwana mmoja mpole, fundi hodari, na alitutumia barua pepe: "Msilipe kwanza. Nitalipa nikipata mnunuzi." Miezi minane baadaye mnunuzi akapatikana, na pesa nzuri. Akaja amevaa koti lake la Jumapili kumwomba wakili amfufulie ombi. Wakili akamfungulia faili akamwonyesha ile barua pepe. Hakuna aliyeweza kuandika kwamba hakukusudia, maana alikusudia, tena kwa maandishi. Bwana yule aliisoma mara mbili, akaikunja, akauliza kama anaweza kuondoka nayo. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango.

Kwa hiyo ukimfuata kaka yako, ukasema moyoni, "Nalipa harusi kwanza, hataza baadaye," hutakuwa umechelewa. Utakuwa umechagua. Na aliyechagua hana haki ya kutia saini ile. Ndiyo sababu sitaki hata uliwaze kama njia ya akiba.

Tuje kwenye kiasi. Tangu 19 Januari 2025 ada ya kutolewa hataza ya uvumbuzi kama wako ni dola 1,290. Mwenye daraja dogo analipa 516, mwenye daraja la chini kabisa analipa 258. Angalia orodha ya ada ya ofisi yenyewe siku utakapolipa, kwa kuwa hubadilika. Mtoto wa dada yako anafikiri daraja ni kama kitambulisho, ukishapewa ni lako. Sivyo. Daraja la chini linapimwa kila unapolipa. Ada ulizolipa tangu 2022 ulizilipa kwa haki, kwa maana hukuwa umemwahidi mtu yeyote kitu. Ila Aprili umeandika kwamba hataza ikitoka utawapa leseni, ukatia saini. Nionavyo mimi huo ni wajibu wa mkataba. Na sharti la daraja la chini ni kwamba usiwe umetoa, wala usiwe umefungwa kutoa, haki yoyote ya uvumbuzi wako kwa mtu au kampuni ambayo kipato chake kinapita kikomo kile kile ulichopimwa nacho wewe. Kampuni yenye maduka majimbo mengi inakipita kikomo hicho kwa mbali.

Kinachobaki ni kujua kama unaangukia daraja dogo au unalipa kamili. Hapo kipimo ni wafanyakazi: kampuni ikiwa na zaidi ya 500, pamoja na kampuni zilizo chini yake na juu yake, daraja dogo nalo limekuponyoka. Waandikie kesho uwaulize idadi hiyo, na jibu lije kwa maandishi, ulihifadhi. Kisha mwonyeshe wakili wa hataza ile karatasi ya Aprili, kwa sababu mimi sikuiona, na neno moja linaweza kugeuza jibu. Ofisi ya hataza inadhamini mpango wa mawakili wa kujitolea kwa wavumbuzi wa kipato kidogo, na Texas umo. Ila usingoje jibu lao hadi tarehe ipite. Ukifika mwisho hujapata uhakika, lipa kamili.

Na yule kijana umwambie kwa upole, asijione anafukuzwa, kwamba tangu sheria iliyopitishwa mwisho wa 2022, anayejitangazia daraja la chini huku akijua si lake hutozwa faini isiyopungua mara tatu ya kiasi alichokwepa. Kwako, ikiwa ulipaswa kulipa kamili, ni tofauti ya 258 na 1,290, yaani 1,032. Mara tatu ni 3,096. Hiyo faini siyo inayonitisha zaidi. Kinachonitisha ni siku utakapompeleka mwigaji mahakamani, na wakili wake akaanza kwa kuuliza kwa nini ulitia saini jambo la uongo. Na atajua, maana mkataba wako na kampuni utakuwa mezani siku hiyo.

Barua ya tai ni ya matapeli. Ombi lako lilishachapishwa hadharani, kama ilivyo kawaida miezi kumi na minane baada ya kupelekwa, na jina lako na mji wako vikaonekana na kila mtu. Wapo watu ambao kazi yao ni kuyasoma machapisho hayo na kuwatumia wavumbuzi ankara zenye nembo kubwa kubwa. Ofisi ya Hataza na Alama za Biashara ya Marekani iko Alexandria, Virginia, na anwani yake mtandaoni ni uspto.gov. Pesa isiyokwenda huko haihusiani na hataza yako. Mwonyeshe mumeo barua zote mbili kwa pamoja, kidole juu ya anwani. Hasira yake ni ya mtu anayeona nyumba yake ikinyonywa, na ana haki nayo, ila ameielekeza kwa asiyehusika.

Gerezani je? Hapo kaka yako ana ukweli nusu, nami sitakuficha. Hataza ya Marekani inatawala Marekani tu. Ulikuwa na miezi kumi na miwili tangu Machi 2022 kupeleka ombi lile lile Tanzania, au kwa shirika la kanda la hataza la ARIPO kule Harare ambalo Tanzania na Kenya ni wanachama, ukidai tarehe yako ya kwanza. Muda huo umepita, na tangu ombi lichapishwe uvumbuzi wako hauhesabiki tena kuwa mpya. Fundi wa Gerezani akiitengeneza auze Tanga, huna la kumfanya, na labda wapo wamama wenye magoti mabovu kule watakaokuombea dua. Lakini kontena likija bandari ya Houston na mbuzi mia tano za vidole vitatu, hataza yako inakupa haki ya kuzuia zisiingie wala zisiuzwe. Kampuni haikukufuata kwa sababu ya Gerezani. Imekufuata kwa sababu ya maduka yake ya hapa, na bila hataza haina sababu ya kukulipa hata senti.

Ndiyo maana pesa hii wa kwanza kuombwa ni wao. Wapigie simu, sema hivi: hataza imekubaliwa, ada ni dola 1,290, mwisho ni 5 Septemba, naomba muitoe kama malipo ya awali ya leseni. Kampuni kubwa huzoea maombi ya namna hiyo. Wakikubali, pesa iingie kwako au ilipwe mbele ya macho yako, usikubali "tutashughulikia". Wakati huo huo weka kwenye mkataba nani atalipa ada za kudumisha, kwa sababu hazijaisha: miaka mitatu na nusu baada ya hataza kutoka, saba na nusu, kumi na moja na nusu. Kwa wasio na punguzo sasa ni 2,150, kisha 4,040, kisha 8,280. Mshahara wako usizibebe hizo kwa ajili ya bidhaa wanayouza wao.

Wakikataa, una 900 na unapungukiwa 390. Nina hakika uko kwenye mchezo wa kupeana pesa kwa zamu na wanawake wenzako huko Houston. Omba uvutiwe zamu. Waeleze ni ya nini, wape na ile karatasi waishike. Wanawake wamekopesheana kwa mambo madogo kuliko hilo.

Ukilipa, lipa mtandaoni kwenye mfumo wa ofisi wenyewe, mchana, siyo usiku wa mwisho. Saa inayohesabiwa ni ya Alexandria, na Houston iko nyuma saa moja: kwako saa tano usiku, kwao siku imekwisha. Jaza ile fomu ya Sehemu B uliyotumiwa pamoja na barua, angalia kiapo chako cha uvumbuzi kiwe kimeshaingia, maana hakitakiwi kuchelewa kupita siku ya kulipa. Hifadhi risiti, piga na picha.

Jambo moja bado, na ningekuwa karibu ningekushika mkono kulisema. Kama una wazo lingine juu ya mashine hiyo, la kutia mota au kukamua tui hapo hapo, na lilikuwemo kwenye maelezo uliyoandika 2022, ombi la mwendelezo, yaani ombi jipya linaloendeleza lile la 2022, lazima liingie kabla hataza haijatoka. Ikishatoka mlango huo umefungwa. Hataza hutolewa siku za Jumanne, na baada ya kulipa ni wiki chache tu. Muulize wakili hilo kabla ya kulipa.

Harusi nimeiacha mwisho kwa sababu najua ndiyo inayokuuma. Usimwandikie kaka ujumbe, mpigie. Usianze na hataza. Muulize kwanza bibi harusi anaendeleaje, nguo zimefika, nani atampamba. Kisha, kama kampuni haikutoa ada, mwambie mwezi huu utatuma dola 100 kutoka kwenye pesa ya mchezo, na 700 zilizobaki utaanza kuzilipa tarehe 12 Septemba, mshahara kwa mshahara, mpaka ziishe, na kwamba jina lako libaki kwenye daftari la kamati na deni lako mbele yake, lisifichwe. Atanuna. Mpe simu mama. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya mbuzi na kizio mkononi, na kaka yako hakuwepo siku ile.